Mke anatosha, mpiga kura hatoshi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, maana wiki iliyopita nimesoma barua ya kaka mmoja anasema mahakama ziache kuingilia ndoa za watu, ndoa ni mambo ya wazazi na dini na mila, na hizi kelele za umri wa kuolewa zinaletwa na watu wa mjini ambao hawajui maisha ya kijijini. Mi siyo wa mjini. Nimezaliwa kijijini huku huku Shinyanga, nimeolewa huku huku nikiwa na miaka 15, na hiyo barua nimeisoma mara tatu nikaona nikikaa kimya nitakuwa najidhulumu mwenyewe.

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho. Mwaka 2024 zamu ya mkoa wetu ilipofika ya kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura nilienda kituoni kubadilisha taarifa zangu sababu nilihama kata. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na kijana wa kama miaka 25 hivi na mke wake, yule binti amebeba mtoto mgongoni, kajifunga kitenge vizuri kabisa kama mtu aliyejiandaa tangu asubuhi. Wakafika kwenye meza. Binti akaulizwa kazaliwa mwaka gani akasema 2008. Yule oparata wa mashine akahesabu, akamwambia mdogo wangu wewe hata siku ya uchaguzi mwezi wa kumi mwaka 2025 utakuwa hujafikisha 18, hatuwezi kukuandikisha. Mume wake akapigwa picha, akaweka vidole, akapewa kadi yake. Yeye akasogea pembeni akakaa chini ya mwembe akaanza kunyonyesha akimsubiri.

Oparata hakukosea hata kidogo na wala simlaumu. Ibara ya 5 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema raia aliyetimiza miaka 18 ndo ana haki ya kupiga kura. Wote tunakubaliana na hilo, tunasema mtoto wa miaka 16 akili yake bado, anaweza kudanganywa, anaweza kuchaguliwa la kusema na mtu mkubwa, asubiri akue kidogo. Sawa. Sasa nauliza, huyu huyu ambaye tumesema hawezi kumchagua diwani ambaye akiharibu baada ya miaka mitano anaondolewa, aliwezaje kuchagua mume wa maisha? Au ukweli ni kwamba hakuchagua, alichaguliwa?

Nawaeleza wasomaji ambao hawajawahi kuishika Sheria ya Ndoa mkononi. Ni sheria ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kinasema mwanaume aoe akiwa na miaka 18, mwanamke aolewe akiwa na 15. Na hiyo 15 bado siyo mwisho, mahakama ikiombwa inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Kifungu cha 17 kinasema binti wa chini ya miaka 18 lazima apate ridhaa ya baba yake, kama baba kafariki ndo ya mama, kama wote wamefariki ndo ya mlezi. Soma hapo tena taratibu. Mama anaulizwa baba akiwa kaburini. Akiwa hai, mama hana la kusema kisheria kuhusu mtoto aliyemzaa.

Hilo la kifungu cha 17 watu wengi wanalipita haraka wanakimbilia kwenye umri, lakini mi ndo lililonichoma zaidi sababu lilinikuta. Mwaka 2002 nilikuwa nimemaliza darasa la saba mwaka mmoja nyuma, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nakaa nyumbani nasaidia shamba la pamba. Wakaja watu na mshenga. Mama yangu alikataa. Alikataa mbele za wageni, jambo ambalo kwetu siyo dogo, alisema huyu mtoto hata jembe linamshinda mtamwozaje, niacheni nimtafutie cherehani ajifunze kushona. Baba akasema ng'ombe kumi na mbili siyo wa kuchezea na kaka yake naye anataka kuoa. Ilivyoisha mnajua. Kwa miaka mingi nilidhani mama yangu alishindwa sababu alikuwa mwanamke mpole, nikawa hata namlaumu moyoni. Nilipokuja kufundishwa usaidizi wa kisheria, nikaonyeshwa kile kifungu cha 17, nililia darasani mbele ya watu. Mama hakushindwa kwa upole. Alishindwa sababu sheria ya nchi yake haikumhesabu. Angeenda kwa nani? Angeenda mahakamani, hakimu angefungua kitabu angemwambia mama, baba yake amekubali na mtoto ana 15, ndoa ni halali.

Desemba 2005 nikapiga kura yangu ya kwanza, nina miaka 18, mtoto wangu wa kwanza ana miaka miwili nimembeba mgongoni. Nakumbuka nilivyojisikia mtu mzima siku ile. Miaka mitatu nilikuwa mke wa mtu, nimezaa, nimefiwa na mimba moja, nimelima ekari na ekari, halafu ndo siku ile nchi ikaniambia sasa umekua.

Kaka yangu wa ile barua, unasema mahakama ziache. Naomba nikukumbushe mahakama ilishasema zamani na haikusema kwa kukurupuka. Dada Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alifungua shauri Mahakama Kuu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 2016, akasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria na hakuna kubaguliwa. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikakubaliana naye, ikaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe, umri uwe 18 kwa wote wawili. Badala ya kurekebisha, Serikali ikakata rufaa. Kule Mahakama ya Rufani ilisikilizwa hoja ya mila, ilisikilizwa hoja ya dini, ikasikilizwa na ile hoja kwamba mtoto wa kike anakomaa mapema kuliko wa kiume kwa hiyo siyo ubaguzi kuweka umri tofauti. Zote zikapimwa. Tarehe 23 Oktoba 2019 rufaa ikatupwa. Juu ya Mahakama ya Rufani hakuna mahakama nyingine nchini kwetu. Yale uliyoyaandika wewe kwenye gazeti wiki iliyopita yalishasemwa na mawakili wa Serikali mbele ya majaji na yakashindwa.

Na hii hoja ya kukomaa mapema naomba niiseme kama mwanamke aliyepitia. Anayekomaa ni nini? Kifua? Nyonga? Mi nilipojifungua wa kwanza nilikaa na uchungu siku mbili na mkunga aliniambia wazi nyonga hazijakaa sawa. Halafu kama mtoto wa kike kweli anakomaa akili mapema kuliko wa kiume basi mngempa kadi ya kupigia kura akiwa na 15 na mwanaume asubiri 18. Hakuna hata mtu mmoja amewahi kupendekeza hilo. Ukomavu wake unaonekana tu pale anapotakiwa kuolewa.

Tangu 2019 ni miaka mitano na zaidi sasa. Tumeambiwa maoni yanakusanywa, tumeambiwa viongozi wa dini washirikishwe, wazee wa mila washirikishwe, suala ni nyeti. Vifungu viko pale pale kwenye kitabu. Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawakijui na mimi nilielekezwa na mwanasheria mmoja anayetusaidia sisi wasaidizi wa kisheria: Ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu Mahakama Kuu badala ya kufuta sheria papo hapo iipe Serikali muda wa kurekebisha, na katika huo muda sheria inahesabiwa bado halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uishe, kile kinachotangulia. Muda uliisha kitambo mno. Sasa mi nikiwa nimekaa na mzazi kijijini, kanitolea nakala ya sheria ananiambia mbona imeandikwa hapa 15, nimwambie nini? Namwambia mzee hicho kifungu kimeshakufa, ananiambia maiti gani hii inatembea, mbona Bunge halijakizika. Na kweli sina jibu la kumridhisha.

Tuna sheria zinazogombana zenyewe kwa zenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ukimuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni jela miaka 30, na hilo limesaidia sana sikatai, nimeona wanaume wakiogopa. Lakini ona ufa uliobaki. Mwanafunzi analindwa, aliyemaliza la saba hajachaguliwa je? Aliyeacha shule sababu ya umaskini je? Wazazi wamejua hilo, ndo maana unasikia binti anaambiwa usijibu mtihani vizuri, feli tu, ili awe nje ya shule na nje ya ulinzi. Nimewasikia mabinti wakinisimulia wenyewe. Yule aliye maskini zaidi ndo sheria imemwacha.

Na tafiti za afya za kitaifa siyo siri, ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika wanawake wa miaka 20 hadi 24, asilimia 31 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Karibu mmoja kati ya watatu. Tukiwa kwenye kikao cha wanawake huku kwetu hatuhitaji hata hiyo takwimu, tunanyosha mikono tu.

Sasa nije kwenye uchaguzi maana mtu atasema huyu mama anachanganya mambo. Sichanganyi. Ni ugonjwa mmoja. Mwananchi anashinda kesi ya katiba, halafu ushindi unawekwa kabatini.

Mkumbuke Mchungaji Christopher Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani. Watu wengi walimchukulia kama mtu wa fujo lakini kuna jambo alilisimamia ambalo mimi naliheshimu mpaka leo. Alifungua kesi mwaka 1993 pale Dodoma, akasema Katiba hiyo hiyo inayosema hakuna mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, inakuwaje mtu akitaka kugombea lazima awe mwanachama wa chama na apitishwe na chama? Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akasema Mtikila ana haki, mgombea binafsi aruhusiwe. Kabla ya mwaka ule kuisha Bunge likabadilisha Katiba yenyewe ili ile hukumu isiwe na pa kusimama. Mwenzenu ameshinda mechi, mkahamisha goli. Akarudi tena mahakamani, Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema hili ni suala la kisiasa liamuliwe na Bunge. Akaenda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yeye pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na tarehe 14 Juni 2013 wakashinda. Miaka ishirini! Kashinda mara tatu. Oktoba 2015 akafariki kwenye ajali ya gari kule njia ya Chalinze, wiki chache kabla ya uchaguzi, na mgombea binafsi mpaka leo hayupo kwenye karatasi ya kura.

Wa pili ni kijana Bob Wangwe, alihoji inakuwaje wakurugenzi wa halmashauri ambao wanateuliwa na Rais ndo wanasimamia uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ikamkubalia, Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikapindua, akaenda Arusha, Juni 2023 ile mahakama ikaona kuna tatizo kweli. Wa tatu ni wakili Jebra Kambole na ile Ibara ya 41 inayosema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais hakuna mahakama itakayochunguza, Arusha walisema Julai 2020 kwamba hiyo inamnyima mtu haki ya kusikilizwa. Wenzetu Kenya Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, uchaguzi ukarudiwa na nchi haikuanguka. Sisi Ibara ya 41 iko pale pale. Na Novemba 2019 nchi yetu ikajitoa kwenye lile tamko lililomruhusu mwananchi kwenda Arusha moja kwa moja, kwa hiyo mtu kama Mtikila leo hata huo mlango wa tatu hana. Mahakama yenyewe iko Arusha, kwenye ardhi yetu, ukipanda basi Shinyanga asubuhi jioni umefika, na mimi siwezi kuingia na shauri langu.

Siyo kwamba hakuna kilichosogea, niseme na hilo kwa haki. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu kilichowanyima kura wafungwa wa zaidi ya miezi sita kinavunja Katiba, na kwenye uandikishaji wa kuelekea uchaguzi wa 2025 tuliona vituo vimewekwa magerezani. Mwaka 2024 zilikuja sheria mpya za uchaguzi na Tume imebadilishwa jina ikaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jina ni zuri. Lakini kama mwanamke ambaye Katiba ilimwambia yuko sawa na mwanaume na bado akaozwa, nimejifunza kusubiri kuona kazi ya jina.

Kwa nini naunganisha Mtikila na mabinti wa huku? Sababu nimejiuliza nani atapeleka muswada wa kurekebisha Sheria ya Ndoa. Chama kinahesabu kura. Mbunge wa jimbo la huku akisimama bungeni akasema 18 kwa wote, akirudi wazee wenye ng'ombe watamuuliza, na wao ndo wanasema nani apite kwenye kura za maoni. Wabunge wanawake wa viti maalum wapo wengi, Katiba inataka wasipungue asilimia 30, na wapo waliosema vizuri sana juu ya hili sitawavunjia heshima, lakini wameletwa na orodha ya chama na miaka mitano ijayo watahitaji orodha ile ile. Angekuwepo mgombea binafsi, labda mama mmoja wa hapa Kahama ambaye hana chama angesimama akasema mimi nimeolewa na 15 na sitaki binti yenu yamkute, nichagueni kwa hilo tu. Pengine angeshindwa. Lakini lingesemwa jukwaani, na waliopo wangelazimika kulijibu. Sasa hivi huyo mama njia yake ni hii ya kukuandikia wewe Mhariri.

Na wale mabinti wenyewe hawana kura. Hapo ndo naona ubaya wote umekaa pamoja. Sheria inamgusa msichana wa miaka 14, 15, 16, 17, na hao hao ndo hawaruhusiwi kumchagua anayeitunga. Akija kufika 18 yameshapita, ana watoto wawili, anawaza unga na mafuta. Hana hata kitambulisho cha NIDA maana nacho ni 18, hana laini ya simu kwa jina lake, hela ya mahindi ikiuzwa inaingia kwenye simu ya mume. Hawezi kuingia mkataba, sheria ya mikataba inataka 18. Hawezi kupata leseni ya kuendesha gari. Kitu kimoja tu ndo anaruhusiwa kufanya kama mtu mzima, nacho ndo kigumu kuliko vyote hivyo.

Kaka umeandika pia kwamba binti akipata mimba nyumbani ni aibu, afadhali aolewe na umri wake huo huo. Naielewa hiyo hofu, mimi ni mzazi, nina mabinti wawili. Lakini tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi shule, kwa hiyo mimba siyo mwisho tena kama zamani. Na nikuulize, huyo anayempa mimba mtoto wa miaka 15, tunamzawadia mke? Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ni kosa la jinai kulala na msichana wa chini ya 18, isipokuwa awe mke wako mwenye miaka 15 au zaidi. Yaani tendo ni lile lile, mtoto ni yule yule, kinachobadilisha jela kuwa harusi ni mahari. Nimeshuhudia mwanaume aliyekuwa anatafutwa na polisi Jumatatu, Alhamisi ameleta ng'ombe, Jumamosi watu wanakula pilau.

Halafu mila. Mila ni zetu na mi nazipenda, nacheza ngoma mpaka leo, wanangu nawafundisha Kisukuma. Ila bibi yangu aliyezaa mama yangu aliniambia yeye aliolewa akiwa ameshajua kulima shamba lake na kutunza ghala lake, na kwao msichana alikuwa na nafasi ya kumkataa mwanaume asiyemtaka. Hii haraka ya kuoza watoto wa darasani imeingia na njaa na kuporomoka kwa bei ya pamba kuliko ilivyotoka kwa wazee. Tusiwasingizie wazee waliokufa.

Na dini, nimekaa na masheikh na wachungaji kwenye vikao vya kata. Wengi wao hawana tatizo na 18, wanachouliza ni kwa nini Serikali inawatuma wao wakatoe maoni kwa jambo ambalo mahakama imeshaliamua. Hilo swali lao nami nalirudia.

Bunge lililopita lilivunjwa mwaka 2025, sasa kuna jingine. Muswada wa kurekebisha vifungu viwili hauhitaji Katiba mpya, hauhitaji theluthi mbili, hauhitaji kura ya maoni ya wananchi kama ile ya Katiba mpya tuliyoahidiwa Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Ni kubadilisha namba moja iwe 18 na kuondoa maneno machache. Siku moja ya kikao inatosha, na miswada ya haraka tumeiona ikipita.

Wabunge wakishindwa, kampeni zitakuja tena. Watapita huku, watakuja na magari na fulana na khanga, watakaa na wanawake chini ya miti watatuita mama zetu, jeshi kubwa. Mi na wenzangu kwenye kikundi chetu cha hisa tumekubaliana kila mgombea atakayekuja, awe wa chama gani, wa udiwani, wa ubunge, hata wa urais akifika uwanjani, tutamuuliza kitu kimoja kabla ya barabara na kabla ya maji, na maji tunayataka kweli: hukumu ya Oktoba 2019 utaitekeleza lini, tuambie mwezi. Na tutaandika jibu lake kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe na jina lake. Nawaomba na wanawake wa kata zingine wanaosoma gazeti hili wafanye hivyo hivyo.

Yule binti wa chini ya mwembe nilimfuata baada ya kumaliza. Nikamuuliza ulikuwa unataka kumpigia nani, akatabasamu akasema sijui, nilitaka tu kadi iwe na picha yangu. Nikamwambia usijali utapata zamu ijayo. Nikiwa njiani narudi ndo nikapiga hesabu. Uchaguzi mkuu wa baada ya ule wa 2025 ni 2030. Atakuwa na miaka 22, na huyo aliyekuwa ananyonya atakuwa ameanza darasa la kwanza.

Msomaji wako,
Mama wa watoto wanne na msaidizi wa kisheria
Kahama, Shinyanga